Nairobi Inatanuka kwa Ruhusa ya Mdomo

Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wa umma na wa kibinafsi wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Wengi walitabiri kwamba Nairobi ingepungua. Mwenye kompyuta na intaneti angefunga virago, arudi mashambani kwa wazazi, na mshahara umfuate huko huko.

Wapo waliofanya hivyo. Nanyuki na Kilifi zimepata wakazi wasiomhitaji mwajiri wa karibu. Lakini kwa watu wa maofisini walio wengi, mambo yaliendea kwingine. Waajiri waliwaita tena, si kwa wiki nzima bali kwa siku mbili au tatu, na naamini siku hizo chache ndizo zinazoamua leo mtu ajenge wapi. Anayeripoti kila asubuhi hukubali chumba kidogo Umoja au Roysambu ili asiishie barabarani. Anayeripoti mara mbili hupiga hesabu upya: safari ya saa mbili kutoka Joska au Kamulu inavumilika, na kodi aliyokuwa akimpa mwenye nyumba inaweza kulipa ploti ya futi 50 kwa 100. Kilifi hawezi kwenda, kwa sababu Jumanne lazima aonekane. Kwa hiyo kazi ya nyumbani haikuwatoa watu jijini. Imelisogeza jiji mpaka kwenye malisho.

Barabara zilikuwa zimeanza kazi hiyo mapema. Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika 2012, Ruiru na Juja zilijaa. Mwaka 2022 barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliisogeza Mlolongo karibu na Westlands, angalau kwa anayemudu ada yake. Ruhusa ya kubaki nyumbani siku tatu imeongeza umbali ambao mtu yuko tayari kwenda.

Gharama ya kutanuka huku inaonekana wazi zaidi Kajiado. Nyanda za Kitengela, upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, zilikuwa njia ya nyumbu na pundamilia, na malisho ya Wamaasai. Kila ploti inayokatwa huja na ua wake, na ua mmoja baada ya mwingine umeiziba njia hiyo. Wenyeji wapya nao hununua maji ya lori na kuchimba mashimo ya choo, kwa kuwa mabomba na mitaro ya maji taka haijawafikia. Huwezi kumlaumu mzazi anayetaka chumba cha ziada cha kufanyia kazi. Wa kulaumiwa ni mfumo unaouza ardhi kwanza na kutafuta maji baadaye.

Serikali za kaunti, zinapolaumiwa kwa hilo, zina kisingizio chenye ukweli ndani yake. Katiba inaiachia serikali ya kitaifa pekee kodi ya mapato. Kaunti hubaki na kodi ya ardhi na ada za leseni. Mhasibu anayelala Kitengela na kufanyia kazi Kitengela haachi sehemu ya kodi ya mshahara wake moja kwa moja kwa Kajiado. Mgao kutoka hazina ya kitaifa hutazama, pamoja na mengine, idadi ya watu, na sensa ya mwisho ilifanywa 2019, kabla ya uhamiaji huu. Hata hivyo, kuidhinisha ploti ni kazi ya kaunti, na ploti isiyo na mpango wa maji haipaswi kuidhinishwa.

Tukumbuke pia kwamba mjadala huu unawahusu wachache. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo nchini Kenya iko katika sekta isiyo rasmi. Mama anayeuza chapati na maharagwe Industrial Area hawezi kuhamisha jiko lake mtandaoni, wala mlinzi hawezi kulinda lango akiwa kwake. Mhasibu asipokuja mjini siku tatu, mama huyo hukosa mteja siku tatu. Na mhasibu asiyeitwa ofisini kabisa akifika Nanyuki na mshahara wa Nairobi, mwalimu wa huko anashindana naye kwa nyumba ile ile.

Linalonikera zaidi ni jinsi uamuzi mkubwa kiasi hiki unavyosimama juu ya maneno matupu. Mtu anachukua mkopo wa sacco wa miaka mitano, anahamisha watoto shule, anajenga, kwa sababu bosi alisema kwenye mkutano kwamba siku mbili zinatosha. Bosi mpya akija, baruapepe moja inatosha kuifuta ruhusa hiyo. Mkopo haufutiki.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka maelezo ya maandishi ya ajira yataje mahali pa kazi, na mwajiri akitaka kuyabadilisha sharti ashauriane na mfanyakazi na amwarifu kwa maandishi. Vyama vya wafanyakazi viidai haki hiyo, na waajiri waandike idadi ya siku pamoja na muda wa ilani kabla ya kuibadilisha. Nawe unayepanga kuhama, ipate barua inayotaja siku hizo mkononi kabla ya kulipia ploti.