Chipu feki jeshini: nani anauliza zilikotoka?

Mwishoni mwa 2009, kifaa cha kutambua barafu kwenye ndege ya doria aina ya P-8A kiligoma kufanya kazi kiwandani kwa Boeing. Kilipofunguliwa, kipuri kimoja kilikuwa kimechomoka na kinagongagonga ndani. Hakikuwa kipya. Kilikuwa kimetumika, kikasafishwa, kikauzwa upya. Jeshi la Majini la Marekani, mwenye ndege, lilikuja kuelezwa Agosti 2011.

Kamati ya Seneti ya nchi hiyo inayosimamia majeshi ilipochunguza, ilikuta visa 1,800 vya vipuri vya kielektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia, zaidi ya vipuri milioni moja, kwa 2009 na 2010 tu. Ripoti yake ya Mei 2012 ilisema kuwa vingi kati ya vile ilivyofuatilia asili yake vilitoka China.

Kazi yenyewe ya kughushi haihitaji utaalamu mkubwa. Huko Shantou, mkoani Guangdong, bodi za kompyuta mbovu hupashwa moto ili chipu zibanduke. Chipu huoshwa mtoni na kuanikwa kando ya barabara. Namba za zamani husuguliwa zikafutika, uso ukapakwa rangi nyeusi, kisha ikachapwa tarehe mpya. Ukiishika mkononi utaapa ni mpya. Yaweza hata kufaulu majaribio ya kwanza, halafu ikazima rubani akiwa angani.

Jeshi tajiri kama lile liliingiaje mtegoni? Ndege huruka miaka 30 na zaidi, ilhali chipu zake huacha kutengenezwa baada ya miaka michache. Kiwanda kikishaacha kuzitengeneza, mnunuzi huangukia kwa madalali, na dalali naye ana dalali wake. Hata kiwanda cha kuaminika hakidumu: IBM, iliyokuwa ikiitengenezea Pentagon chipu nyeti, ilikabidhi viwanda vyake mwaka 2015 kwa GlobalFoundries, kampuni yenye mtaji wa Abu Dhabi.

Na sisi Afrika Mashariki je? Kenya inarusha ndege za kijeshi za uchukuzi za C-27J, aina ambayo uchunguzi ule uliikuta, kwa upande wa Marekani, ikiwa na vipuri vya kushukiwa. Hatusemi ndege za Kenya zina kasoro. Tunauliza nani amekagua, na kwa masharti gani. Ukanda huu unanunua rada, redio na droni kwa mikataba ambayo mwananchi haioni, kwa hoja ya usalama wa taifa. Usiri huo unamzuia mlipakodi. Dalali wa vipuri haumzuii hata kidogo.

Kamati za ulinzi za mabunge yetu, Nairobi na Dodoma, zidai kifungu kimoja katika kila mkataba wa zana za kijeshi: mzabuni aonyeshe kwa maandishi kila chipu imetoka kiwanda gani na imepitia mikononi mwa nani, na ikibainika feki, agharimie mwenyewe kuing'oa na kuibadilisha. Marekani iliwabana wakandarasi wake kwa sheria iliyotiwa saini 31 Desemba 2011, baada ya kuumia. Sisi hatuna sababu ya kusubiri tuumie.

Bajeti za ulinzi zitafika tena mbele ya wabunge. Swali hili liulizwe kabla hawajazipitisha.