Viambishi katika Majina ya Asidi na Ioni: Hoja ya Kuyafundisha kwa Sarufi ya Kiswahili

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia sayansi nchini Tanzania umedumu miaka mingi, na mara nyingi umeishia katika swali la iwapo Kiswahili kina istilahi za kutosha. Swali hilo lilipata jibu la awali mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lililobaki ni zito zaidi: je, istilahi hizo ni mfumo ambao mwanafunzi anaweza kuufuata, au ni orodha ya kukariri? Majina ya asidi na ya ioni zenye atomi nyingi ni kipimo kizuri cha suala hili, kwa kuwa ndani yake irabu moja hubadili dutu.

Chukua mfano wa Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa Tabora, mahali barabara ya Mpanda na ile ya Rungwa zinapoachana. Katika wilaya hiyo tumbaku ni zao kubwa la biashara, na tumbaku ina masharti yake: kloraidi ikizidi, jani huungua vibaya. Kwa hiyo potasiamu ya mbolea yake hutakiwa kutoka katika salfeti, si katika kloraidi. Mtoto wa mkulima anaishi na majina haya ghalani kabla ya kuyakuta darasani. Hata hivyo, katika vidato vya mwanzo huyapata kwa Kiingereza, kama maneno yasiyo na uhusiano na lugha anayofikiria.

Ukweli ni kwamba majina hayo yana sarufi. Mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walichapisha mjini Paris utaratibu wa kuipa dutu jina kulingana na muundo wake. Tangu hapo mzizi hutaja elementi, na kiambishi hutaja hali yake. Salfaidi haina oksijeni; salfiti ina atomi tatu za oksijeni; salfeti ina nne. Asidi hufuata: penye -eti huja -iki, penye -iti huja -asi. Ndiyo maana salfeti hutokana na asidi ya salfuriki, na salfiti hutokana na asidi ya salfurasi. Ikumbukwe kuwa -eti haitaji idadi, bali uzidi tu: naitreti ina oksijeni tatu, naitriti mbili. Idadi yenyewe hukaririwa katika lugha yoyote.

Mzungumzaji wa Kiswahili si mgeni wa utaratibu wa namna hii. Anayetofautisha "anasoma", "asome" na "hasomi" tayari amezoea kusikiliza irabu ya mwisho na kuipa kazi. Mazoea hayo ni mtaji wa kufundishia, na hautumiki.

Lakini mtaji huo hupotea istilahi zikitoholewa moja moja. Mtohozi akifuata matamshi ya Kiingereza, hupata "salfaiti", neno linalotofautiana na "salfaidi" kwa t na d tu. Akifuata maandishi, hupata "salfiti", na mfululizo wa -aidi, -iti na -eti husikika bila utata. Njia ya pili ndiyo inayofaa, nayo itumike kwa mfululizo wote.

Mpangilio wa maneno nao una utata. Wengine husema "amonia salfeti", wakiiga Kiingereza. Wengine "salfeti ya amonia". Umbo la pili ndilo la Kiswahili, na Kifaransa, lugha ya waasisi wa utaratibu huu, nacho hutanguliza salfeti. Kasoro yake ni moja: amonia ni gesi, ilhali ioni ni amoniamu. Jina sahihi basi ni "salfeti ya amoniamu".

Wapo watakaosema kuwa maneno haya yote ni ya kukopa, hivyo hakuna faida. Hoja hiyo inasahau historia ya Unyamwezi yenyewe. Misafara ya karne ya 19 ilifika Tabora na kitambaa kilichoitwa merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Neno lilikuwa geni. Sarufi iliyolipokea haikuwa ngeni. Fomula pia zitabaki zilezile duniani kote, na mwanafunzi aliyeelewa mfumo kwa Kiswahili ataukuta uleule katika Kiingereza.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba BAKITA na TATAKI, wakishirikiana na walimu wa kemia, wasanifishe viambishi hivi kama seti moja, kisha jedwali lake liingizwe katika vitabu vya kiada. Kazi hiyo ni ya wanaisimu kama ilivyo ya wanakemia. Ikiachwa kwa upande mmoja, mwanafunzi wa Ipole ataendelea kukariri kwa woga majina ya vitu ambavyo baba yake hununua kwa magunia.