Kabla ya kuuza mashua, mpime mtoto damu

Si siku nyingi alinijia baba mmoja kutoka kisiwa cha Pate, mkononi ana bahasha. Ndani yake mlikuwa na makadirio ya gharama za hospitali moja ya ng'ambo. Mwanawe wa miaka saba anaugua sikoseli, na jamaa walikuwa wamemweleza kwamba huko India mgonjwa hubadilishwa uboho wa mifupa akapona kabisa. Baba huyo ni mvuvi. Aliniuliza swali moja tu: "Daktari, niuze mashua?"

Nimeona nilijibu swali lake hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeliuliza. Kutoka Lamu hadi Vanga, na kando ya Ziwa Victoria pia, ziko nyumba nyingi zenye mtoto wa namna hii.

Sikoseli ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja zikawa kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Hapo ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa manjano na damu ikapungua. Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba wenye asili ya sikoseli ni wengi pwani na ziwani, lakini ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu yake: aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Taabu huja mtoto anaporithi kwa wazazi wote wawili.

Chembe hizi hutengenezwa ndani ya uboho, ule ute uliomo katikati ya mifupa. Basi ukiubadilisha uboho, umebadilisha kiwanda chenyewe cha damu. Jambo hili tulifundishwa na panya.

Mwaka 1949 huko Chicago, Leon Jacobson aliwapiga panya mionzi ya kuua, lakini bandama zao akazikinga kwa risasi. Panya hao waliishi. Mwaka 1951 Egon Lorenz na wenzake wakaonyesha kwamba panya aliyepigwa mionzi huokoka akitiwa uboho wa panya mwingine. Njia yenyewe si ngumu kuieleza: mifupa ya paja na muundi ya panya mtoaji husafishwa kwa maji ya dawa, uboho ukatoka, kisha chembe zake hudungwa katika mshipa wa mkia wa panya mgonjwa. Hazihitaji kuelekezwa, huogelea ndani ya damu hadi zikafika mifupani na kuota huko. Mwaka 1961, mjini Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliona vijivimbe katika bandama za panya waliotiwa uboho. Wakavihesabu, wakakuta kwamba katika kila chembe 10,000 hivi za uboho, moja ilizaa kijivimbe. Huo ukawa ushahidi wa kwanza wa chembe mama za damu.

Lakini panya wale walikuwa na faida ambayo mwanadamu hana. Wa ukoo mmoja wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi, hata wakafanana kama mapacha. Panya wa ukoo mmoja akimtolea wa ukoo mwingine, uboho mgeni huweza kuushambulia mwili uliopokea, ukamuua. Binadamu naye ni hivyo hivyo. E. Donnall Thomas alipoanza kuwatia wagonjwa uboho mwaka 1957, wote sita walifariki. Hakuacha, na mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1984 ikatangazwa habari ya msichana wa miaka 8 huko Marekani aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu. Sikoseli aliyokuwa nayo ikapona vilevile.

Kwa hiyo aliyemwambia yule mvuvi kwamba tiba ipo hakusema uongo. Uchunguzi wa wagonjwa 1,000 waliopandikizwa uboho wa ndugu aliyelingana nao, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wala si lazima kuvuka bahari tena: Hospitali ya Benjamin Mkapa, mjini Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye sikoseli mwaka 2023.

Lakini angalia neno hilo, "ndugu aliyelingana." Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja tu katika nne ya kulingana na mgonjwa. Na ndugu huyo asiwe mgonjwa wa sikoseli naye. Njia za kutumia ndugu aliyelingana nusu zipo, nazo pia zilianzia kwa panya, lakini zina hatari zaidi. Kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali za kuuangamiza uboho wake mwenyewe. Hukaa wiki kadhaa bila kinga, na huenda asijaliwe kuzaa ukubwani. Ama tiba mpya ya kurekebisha vinasaba, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2023, bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hapa niondoe hofu moja. Wengi huchanganya uboho na uti wa mgongo, wakadhani ndugu atakayetoa atapooza. La. Uboho hutolewa katika mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa usingizi, nao hujirudisha wenyewe baada ya wiki chache. Uti wa mgongo hauguswi.

Nilimuuliza yule baba maswali matatu. Je, mtoto anatumia hidroksiurea? Hapana, hajapata kuisikia. Je, ndugu zake wanne wamepimwa? Hapana. Je, akipata homa mnafanya nini? "Twangoja asubuhi, maji yajae."

Msomaji, hapo ndipo lilipo jambo langu. Tumelipenda jina la tiba kubwa, tukaidharau tiba iliyo karibu. Hidroksiurea ni kidonge cha kumeza kila siku. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watoto wa nchi nne za Afrika waliotumia dawa hiyo, wakiwamo wa Kilifi, jirani zetu. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka kwa theluthi mbili, malaria ikapungua kwa nusu hivi, na vifo vikapungua pia. Dawa hii yahitaji kupimwa damu mara kwa mara, basi isinunuliwe dukani kiholela.

Kwa maoni yangu, kabla ya harambee yoyote ya ng'ambo, kila kituo cha afya visiwani kiwe na kipimo cha sikoseli kwa watoto wachanga, na kiwe na hidroksiurea mwezi hadi mwezi, si leo ipo kesho haipo. Mtoto apewe penisilini hadi atimize miaka mitano, chanjo zote, chandarua, na dawa ya kuzuia malaria kama atakavyoandikiwa. Wachumba nao wapimwe kabla ya nikaha, hasa wakiwa ni watoto wa ami na halati. Sisemi wasioane, nasema waingie wakijua. Wote wawili wakiwa na asili hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mgonjwa.

Na homa ya mtoto wa sikoseli haingoji maji kujaa. Huweza kuua kabla ya alfajiri. Mashua ing'oe nanga usiku huo huo.

Ndiyo sababu nilimwambia yule mvuvi: mashua isiuzwe leo, kwani ndiyo itakayomfikisha mwanao hospitali. Mwanzishie dawa, na ndugu zake tuwapime sasa, tusichelewe, maana upandikizaji hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo na viungo vyake vingali vizima. Akipatikana wa kulingana naye, rudi na bahasha yako, tukae tuhesabu pamoja.