Tumuulize Mnywaji Maswali ya Mwonjaji

Ipo kazi ambayo mtu hulipwa kwa kuonja wiski bila kulewa. Mwonjaji huketi mezani na glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akanusa kwanza, akadondoshea maji kidogo, akaonja funda dogo, na mara nyingi akalitema. Kisha huandika. Lakini haandiki neno lenye uzito kabla hajajua mambo manne: kinywaji kimetokana na nini, kimetengenezwa wapi, kina asilimia ngapi ya kilevi, na amemiminiwa kiasi gani. Mambo hayo manne ndiyo yanayokosekana katika majalada mengi ya wagonjwa wetu wa Kanda ya Ziwa. Jalada husema, “Anatumia pombe,” au, “Hatumii.” Basi.

Wiski inayosifiwa zaidi na waonjaji ni ile ya kimea kitupu cha shayiri, iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja. Sheria ya Scotland inataka ikenekwe katika mitambo ya shaba, ikomazwe katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na iwe na nguvu isiyopungua asilimia 40. Siku hizi Scotland ina washindani. Japani ilianza kujenga kiwanda cha Yamazaki mwaka 1923. Amrut ya Bangalore, India, ilizinduliwa Glasgow mwaka 2004. Taiwan nayo ina Kavalan. Katika baridi ya Scotland pipa hupoteza takribani asilimia 2 ya kinywaji kila mwaka kwa kuvukizwa, na katika joto la Bangalore hupoteza zaidi sana, ndiyo maana wiski ya huko hukomaa mapema. Mwonjaji huanza kuyajua haya kwa kusoma lebo.

Sasa tuje Busisi. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe mwezi Juni 2025, zile kilomita 3 kutoka Kigongo, ambazo watu walizisubiria kivuko, huvukwa kwa dakika chache. Samaki wanavuka, wagonjwa wanavuka, na chupa zinavuka pia. Hata hivyo, kando ya ziwa hili kinywaji kikali cha mnyonge kimebaki kuwa gongo, na gongo haina lebo. Kwa asili yake ni ndugu wa wiski. Wanga au sukari huchachushwa, iwe ya mihogo, mahindi, ndizi au molasi, mchanganyiko huchemshwa, mvuke hupitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji na kurudi kuwa kimiminika. Kinachowatenganisha ndugu hawa ni kipimo. Mmoja amepimwa kabla ya kuuzwa, na mwingine hakuna anayejua nguvu yake, hata aliyempika.

Tuipime hasara ya kutojua huko kwa hesabu. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, kisha kwa 0.789, utapata gramu za ethanoli. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20. Kipimo cha wiski cha mililita 30 chenye asilimia 40 kina gramu 9 na nusu. Chupa ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 55, karibu sawa na bia tatu. Glasi ya ujazo huohuo ya gongo, ikiwa ni ya asilimia 20, ina gramu 32. Ikiwa ni ya asilimia 45, ina gramu 71. Mnywaji atakuambia kwa ukweli wote kwamba alikunywa “glasi moja tu.”

Ini halisomi lebo. Anayekunywa wiski ya bei kubwa hotelini anapokea ethanoli ileile, na vinywaji vyenye kilevi Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka mwaka 1988 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, ikiwamo saratani ya umio tunayoijua vizuri Afrika Mashariki. Sisemi, basi, kwamba tumgeuze mlevi wa gongo kuwa mpenzi wa wiski. Ninachotaka kuazima kwa mwonjaji ni maswali yake.

Maswali hayo si mageni kwetu. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10, na matatu ya kwanza yanahusu mara ngapi na kiasi gani. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 ambamo lilitengenezwa. Linahitaji kuulizwa kwa lugha ya mtu na kwa adabu yake: “Shikamoo mzee. Mara ya mwisho ulikunywa nini? Chombo kilikuwa cha ukubwa gani? Mlikuwa wangapi?” Wapo wenzangu wanaoona kwamba kuulizia glasi na asilimia ni kuhalalisha ulevi. Siafikiani nao. Sheria ya mwaka 1966, inayoiita gongo kwa jina la moshi, inakataza kuitengeneza bila leseni. Hivyo mgonjwa anayeshika ukimya mbele ya kalamu anaogopa polisi. Akiaibishwa ataficha, na anayeficha huku akimeza dawa za kifua kikuu analihatarisha ini lake mara mbili.

Kuna mahali ambapo hata ulimi wa mwonjaji hodari haufai kitu. Methanoli ikichanganywa katika pombe haitambuliki kwa harufu wala ladha. Iliua makumi ya watu nchini Uganda mwaka 2010 na Kenya mwaka 2014. Wako wanaoamini kwamba pombe ikiwashwa na kuwaka ni salama. Methanoli nayo huwaka, tena mwali wake hauonekani vizuri. Dalili huchelewa saa 12 hadi 24, na zaidi iwapo ilinyweka pamoja na pombe ya kawaida: maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi, na macho kuona ukungu mweupe kama wa alfajiri ziwani. Mtu huyu asiambiwe akalale uchovu uishe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na zahanati iipigie simu mapema hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, kwa kuwa huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Waliokunywa naye watafutwe hata kama wanajisikia wazima. Kilichobaki katika chupa, dumu au kikombe kiletwe pamoja naye.