Mashine ivunjike kwenye kompyuta, isivunjike shambani

MSIMU mmoja wa mavuno, kikundi chetu cha wakulima wilayani Kongwa kilinunua mashine ya kupukuchulia mahindi kutoka karakana moja mjini. Fedha tulizichanga kwa miezi minane, na wapo waliouza mbuzi ili kutimiza mchango wao. Mashine ilifika imepakwa rangi nzuri, ikajaribiwa kwa magunia mawili mbele ya wanakikundi, tukapiga makofi. Siku ya sita ya kazi shafti ikakatika.

Fundi alikuja baada ya siku nne, akachomelea. Siku mbili baadaye ikakatika tena palepale. Mara ya tatu alifunga shafti nene zaidi, na hiyo ndiyo iliyodumu. Wakati huo wote mahindi yetu yalikuwa yamelala uwanjani na magunzi yake, huku wenzetu wakipeleka mzigo soko la Kibaigwa. Tuliishia kukodi mashine ya kijiji cha jirani ili watoto wapate ada ya shule.

Fundi yule hakuwa tapeli. Alifanya kazi kwa uaminifu na alirudi kila alipoitwa. Alitufariji kwa msemo wa wahenga, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli. Lakini hebu tujiulize, koleo hilo lilipovunjika aliyelipa ni nani? Alilipa mkulima. Shamba letu ndilo lililokuwa uwanja wa majaribio, na sisi tulilipia majaribio hayo bila kuambiwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wakati umefika kwa wanaotutengenezea mashine za kupukuchua, kukoboa, kusaga, kukamua na kusukuma maji kuzijaribu kwanza ndani ya kompyuta kabla ya kukata chuma. Wahandisi huita kazi hiyo simulesheni, yaani kuiga kwa hesabu yale yatakayokipata chombo kikiwa kazini.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mhandisi huchora mashine kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, kwa vipimo halisi. Kisha programu hukigawa kila kipande katika sehemu ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, kama mtu anayegawa shamba katika vijaruba. Mhandisi hutaja aina ya chuma, uzito unaobebwa, mwendo wa injini na mahali palipofungwa boliti. Kompyuta hupiga hesabu ya kila kijaruba na kuonyesha kwa rangi mahali panapoumia zaidi. Mara nyingi penye rangi nyekundu ndipo patakapokatika. Mchoro hurekebishwa, hesabu hurudiwa, na hakuna kilo hata moja ya chuma iliyopotea.

Turudi kwenye shafti yetu. Tuseme ilizunguka mara 600 kwa dakika. Kwa saa nane za kazi hiyo ni mizunguko 288,000, na kwa siku sita ni zaidi ya milioni 1.7. Kila mzunguko shafti huvutwa na mkanda na kupindika kidogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, kisha hunyooka. Chuma nacho huchoka. Ufa mdogo huanzia kwenye kona kali, penye mfereji wa kufungia puli au pale unene unapobadilika ghafla, na hukua kimyakimya mpaka shafti inakatika. Ndiyo maana magunia mawili ya majaribio hayakuonyesha kasoro yoyote. Kuchomelea kuliahirisha tatizo tu, maana moto hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono na kukiacha dhaifu kuliko mwanzo.

Hesabu ingeyaonyesha hayo mapema. Shafti ya milimita 30 ikifanywa ya milimita 36, nguvu yake ya kuhimili kupindika huongezeka kwa karibu robo tatu, ingawa uzito huongezeka kwa asilimia 44 tu. Huenda hata isingehitajika shafti nene, kona ile ingezungushwa kidogo na beringi ikasogezwa karibu na puli. Mtu asiyepiga hesabu ana njia mbili tu. Ama huweka chuma chembamba kikatike, au huweka kinene kila mahali, mnunuzi akalipia chuma asichokihitaji na dizeli ya kukizungusha.

Mwendo nao ni vivyo hivyo. Wenye mashine za kusaga hupenda kubadili puli ili nyundo zikimbie zaidi. Wajue kuwa mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu inayozivuta nyundo zitoke nje huongezeka mara nne. Nyundo ikichomoka kwa kasi hiyo inaweza kuua.

Jambo hili si geni duniani. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitengeneza programu iitwayo NASTRAN katika miaka ya 1960 ili kupima uimara wa vyombo vya angani. Mwaka 1979 wataalamu Peter Cundall na Otto Strack walichapisha njia ya kufuata kwa hesabu mwendo wa punje moja moja ndani ya rundo. Walikuwa wakifikiria mchanga na udongo, lakini leo njia hiyo hutumika pia kwa nafaka. Mtengenezaji anaweza kuona mahindi yanavyogongwa ndani ya pipa la mashine, na kujua nafasi ipi kati ya pipa na wavu inapasua punje. Kwa mfanyabiashara hilo ni fedha, maana punje iliyopasuka hushusha bei na hukaribisha wadudu na ukungu ghalani.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya viwanda vikubwa. Zamani walikuwa na haki kusema hivyo, kwa sababu programu za aina hii zilihitaji mitambo ya gharama kubwa, na zile za kibiashara hata sasa leseni yake ni ghali. Lakini leo zipo programu zinazotolewa bure, kama FreeCAD ya kuchorea na CalculiX ya kupimia uimara, na shafti au fremu ya mashine ya kupukuchua hupimika kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na fundi na kumfanyia hesabu.

Wengine watasema uzoefu wa fundi unatosha. Uzoefu ni mali, na hakuna kompyuta itakayochukua nafasi yake. Tena kompyuta haijui kitu isichoambiwa. Mwaka 1991 nchini Norway jukwaa kubwa la zege la kuchimbia mafuta, Sleipner A, lilizama likiwa kwenye matayarisho, na hasara ikawa mamia ya mamilioni ya dola. Wahandisi walikuwa wameitumia kompyuta, ila waliigawanya vibaya sehemu moja ya kuta, hesabu ikaonyesha nguvu ndogo kuliko ile halisi kwa karibu nusu. Nasi tukimwambia mhandisi kwamba mahindi yetu yana unyevu wa asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika sokoni, halafu tukaingiza mashineni mahindi mabichi, majibu yake hayatatufaa. Kwa hiyo fundi na mhandisi wanahitajiana. Fundi anajua mahali mashine zinapokatikia, na mhandisi anaweza kueleza kwa nini. Na baada ya kompyuta, jaribio la shambani bado lazima lifanyike, ila lifanyike kwa gharama ya mtengenezaji.

Nchi yetu haianzii sifuri. SIDO ipo tangu 1973. Arusha kuna TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, na CAMARTEC ambayo moja ya kazi zake ni kupima zana za kilimo. Kuna vyuo vya VETA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine kule Morogoro. Ninachopendekeza ni kwamba vyuo vifungue milango kwa karakana ndogo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi apewe mashine halisi ya fundi halisi aipime, badala ya kuandika mradi unaoishia kabatini. Halmashauri zinaponunua mashine kwa ajili ya vikundi, zidai michoro na hesabu za uimara pamoja na bei. Na SIDO iwe mahali ambapo fundi mwenye mchoro wake anaweza kupimiwa kwa ada ndogo.

Sisi wanunuzi nasi tusikae kimya. Kabla ya kutoa fedha tuulize maswali matatu. Mchoro wenye vipimo upo? Shafti na fremu vilipimwa kwa hesabu au kwa makisio? Mashine ya kwanza ya aina hii ilifanya kazi kwa saa ngapi kabla ya kuuzwa? Kisha tuandikishiane dhamana ya msimu mzima, si ya wiki moja. Fundi akiona wanunuzi wote wanauliza hivyo, atamtafuta mhandisi mwenyewe bila kusukumwa.

Kikundi chetu sasa kinachanga tena, safari hii kwa ajili ya mashine ya kukamulia alizeti. Nimewaambia wenzangu kuwa sitatoa shilingi yangu kabla ya kuuona mchoro. Wengine wamenicheka kwamba nimekuwa mzungu. Nawakumbusha tu zile siku ambazo mahindi yalilala uwanjani, na kicheko huisha.