Kabla ya Kumgombeza Mama wa Galbet

Kila Novemba, wiki ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa dawa ikifika, tunahubiriwa yaleyale: maliza dozi, usinunue antibiotiki kwa kemisti bila karatasi ya daktari. Sawa, ni kweli. Mwaka 2019 pekee usugu huo uliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Lakini mahubiri haya yana ujanja. Yanamfanya mama wa Galbet anayenunua vidonge vinne vya amoksilini, kwa sababu pesa zake zimeishia hapo, aonekane ndiye chanzo cha balaa lote.

Hebu tuingie wodini. Klebsiella, mojawapo ya vijidudu vinavyoua sana watoto wachanga katika hospitali za Afrika, haingoji mama akatize dozi ndipo isambae. Inahitaji mkono tu: mkono uliomshika mtoto huyu, ukaenda kumshika yule bila kunawa. Na usiseme muuguzi ni mvivu. Wagonjwa wamejaa, yuko peke yake, na bomba likikauka anawe na nini? Sisi ni majirani wa Mto Tana, na bado kuna nyumba mjini Garissa zinazoletewa maji kwa mkokoteni wa punda.

Tena, bila maabara ya kuotesha vijidudu, daktari anabahatisha. Kila homa kali, seftriaksoni. Hapo tofauti yake na mama wa kemisti ni koti jeupe tu.

Mwaka 2017 Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa. Sasa tuko kwenye wa pili, wa 2023 hadi 2027. Mipango mizuri, ila karatasi hainawishi mtu mikono. Hospitali ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo swali ni la MCA wetu na bajeti yake: maji wodini ni shilingi ngapi? Maabara je? Hata dawa ya kusugua mikono inachanganywa hapohapo hospitalini kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli, gliserini, haidrojeni peroksaidi na maji safi. Hiyo nayo imeshinda kaunti nzima?

Wekeni hayo kwanza. Halafu njooni Galbet mtuhubirie dozi. Tutawasikiliza.