Usimwangalie steringi, mwangalie anayeshika beseni (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, lakini leo lazima niseme, maana juzi nilipogusia mambo ya muvi mlinicheka. "Nesi, hizo ni muvi tu."

Jamani, si muvi tu.

Mwaka jana wodini tulikuwa na binti mmoja, uzazi wa kwanza, kajifungua njiti wa kilo 1 na gramu 400. Mtoto anapumua mwenyewe vizuri. Tukamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukamfunga kwa kitenge, tukamwambia mama akae naye hivyo mchana na usiku. Ndiyo kangaruu yenyewe. Saa ya kuona wagonjwa mama mkwe akaingia, akatazama, akaanza kulia kwa hasira: "Mjukuu wangu mnamtunza kwa kitenge? Chupa iko wapi?" Mume naye keshaanza kutafuta gari wamhamishe, usiku, mvua inanyesha. Nikamuuliza bibi, hiyo chupa umeiona wapi? "Kwenye tamthilia," akasema, wala hakuona haya.

Sasa niambieni tena kwamba ni muvi tu. Mtoto alitaka kutolewa kwenye joto la mama yake kwa sababu ya picha ya sebuleni.

Na hizo picha tunazijua wote. Mama yuko sokoni, maji yanamwagika ghafla, anakimbizwa, anapiga kelele mara tatu, mtoto anatoka msafi na mashavu ya miezi mitatu. Ukweli ni kwamba maji kutangulia kabla ya uchungu humpata kama mama mmoja kati ya kumi, na uzazi wa kwanza mara nyingi hula saa 12 na zaidi. Halafu nesi yuko wapi kwenye hizo muvi? Nyuma ya daktari, kashika beseni. Hana jina, hana sentensi.

Hicho kilimkera mkunga mmoja Mwingereza, Terri Coates. Mwaka 1998 aliandika kwenye jarida la wakunga akilalamika kwamba wakunga hawaonekani kwenye vitabu. Jennifer Worth, aliyekuwa nesi na mkunga mashariki ya London miaka ya 1950, akasoma, akakaa akaandika kumbukumbu zake, Call the Midwife, kikatoka 2002. Baadaye BBC wakakigeuza tamthilia, ikaanza Januari 2012. Worth alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hakuiona. Na mnajua waandaaji walimchukua nani awe mshauri wa mambo ya uzazi? Terri Coates yule yule. Ndiyo maana pale watoto wanaonekana watoto, kwanza wengi ni wachanga wa kweli.

Msimu wa kwanza yumo mama anaitwa Conchita, Mhispania mwenye watoto zaidi ya ishirini (eh, na wewe wa wawili unalalamika). Anaanguka, anajifungua kabla ya wakati, mtoto anadhaniwa amekufa. Kumbe yu hai. Wanataka kumpeleka hospitali, mama anakataa kumwachia. Anamweka kifuani na kumlisha maziwa yake tone kwa tone. Kitabuni ipo, na kwenye tamthilia wameiacha ipumue bila kuirukia. Kangaruu kama njia ya hospitali ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa kuwa chupa zilikuwa hazitoshi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema njiti aanzishiwe mara tu anapozaliwa, isipokuwa aliye mahututi.

Nilimwonyesha yule bibi kipande hicho kwenye simu yangu, pale koridoni. Kiingereza hajui, lakini Conchita naye hakijui, haikuleta shida. Akatazama kimya hadi mwisho. "Kumbe hata Wazungu?" Nilichukia kidogo, nisiwadanganye. Chuo changu chote hakikutosha, Mzungu wa kwenye simu ndiye aliyetosha! Nikameza. Mtoto alibaki kifuani, na alitoka na kilo 1 na gramu 900.

Ila tusichanganye: msimuige Conchita kukataa hospitali. Ile ilikuwa zamani. Njiti wako mlete, kangaruu tutakufundisha sisi.

Sasa nyie wa "kitabu siku zote ni kizuri kuliko muvi", nakataa. Kitabu kile ni macho ya Jenny peke yake, wengine wote wanapita mbele yake. Tamthilia ikawapa hao wengine maisha yao. Mwaka 2014 Jessica Raine, aliyekuwa Jenny, steringi mwenyewe, akaondoka. Ikafa? Wapi! Iliendelea miaka na miaka bila yeye, kwa sababu walioibeba ni wale wa pembeni. Pam Ferris, kwa mfano. Wanao wanamjua: ndiye yule mwalimu mkuu mkatili kwenye Matilda ya 1996, anayemzungusha mtoto kwa nywele na kumrusha. Mtu huyo huyo hapa ni Sista Evangelina, mkali, mdomo mchafu kidogo, lakini mikono yake ukiiona kwenye tumbo la mjamzito unasema huyu kashawahi kuzalisha. Kila wodi ina Evangelina wake. Mnamwogopa mapokezini, uchungu ukikolea mnamwita yeye. Au Judy Parfitt, Sista Monica Joan, bibi aliyeanza kupoteza kumbukumbu: hamchezi bibi kama kichekesho, anamchezea heshima yake. Wenye wazazi wazee nyumbani, mtazameni huyo.

Kasoro zipo. Kila kipindi kinafungwa na sauti ya Vanessa Redgrave ikitoa busara, na kitabu kina giza zaidi ya pale. Mimi sijawahi kumaliza zamu kwa muziki mtamu.

Lakini nyie mnaotengeneza tamthilia zetu hapa nyumbani, hamna kisingizio. Kamera mnazo, waigizaji wa pembeni wenye uso wa kweli mnao, mnawapa kufungua geti tu. Na siku mkihitaji mama wa kujifungua, kabla hamjamlaza chali na kumwambia apige kelele, mwiteni mkunga akae nanyi nusu siku. Niiteni mimi. Nauli na soda inatosha, na Jumanne nina ofu.